Mgeni wa Bwana Mkubwa

Kosa ninaloliandikia sura hii ni uongo wa adabu: ile tabia ya kukipa kifungo jina la heshima, ili anayesikia asiumie na anayesema asichukiwe. Nimeishi chini ya Mjerumani na sasa naishi chini ya Mwingereza, na katika tawala zote mbili nimesikia makosa mengi yakikemewa makanisani na barazani: ulevi, uzinzi, wizi wa mifugo. Hili halikemewi, kwa kuwa anayelitenda huonekana mtu mpole mwenye maneno matamu. Mimi nililiona likimla dada yangu mguu.

Dada huyo, Naishiye, tulimzika majuma machache yaliyopita nyuma ya nyumba yake, kati ya migomba na ile mibuni michache aliyoipanda kwa ubishi baada ya majirani kumwambia kwamba kahawa si kazi ya mwanamke kilema. Mwinjilisti aliyeongoza ibada ni kijana. Hakumjua marehemu, na maisha yake aliyasimulia kwa yale aliyoambiwa na jamaa asubuhi hiyo. Akasema alikuwa mkarimu, jambo ambalo ni kweli. Akasema alikuwa mwepesi wa kusamehe, jambo ambalo wale waliowahi kulisha mbuzi shambani mwake wanaweza kulijadili. Kisha akainua sauti: "Na enzi za Mjerumani, ndugu zangu, mama huyu aliwahi kukaa bomani, akiwa mgeni wa Bwana Mkubwa." Watu wakaguna kwa kuridhika. Bibi mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Umesikia? Hata Wazungu walimheshimu." Nilitazama udongo. Mazishi yana utaratibu wake na sikuuvunja. Uongo ule niliuacha mchanga, karibu miaka thelathini iliyopita, na sasa nilikuwa nimeukuta mzee, una mvi, unapishwa njiani.

Kesho yake nilirudi darasani. Serikali inataka vijana wajue Kiingereza, nami niliyejifunza lugha hiyo ukubwani, kwa taabu, nimepewa kuwafundisha. Somo la siku hiyo nilikuwa nimelipanga kabla ya msiba: maneno ya kubana na kuzuiwa. Waingereza wanayo mengi, na kila moja lina mahali pake. Kiatu kinachouma kidole ni 'tight'. Njia isiyopitisha watu wawili ni 'narrow'. Chumba ambamo huwezi kunyoosha miguu ni 'cramped'. Mtu aliyetiwa mahali asitoke ni 'confined', na aliyefungwa kwa kamba ni 'bound'. Kijana wa nyuma akainua mkono: "Mwalimu, basi suruali ya Elifuraha ni 'tight'." Darasa likaangua kicheko, na Elifuraha akajibu kwamba afadhali suruali inayobana kuliko ile ya mwenzake, ambayo huishikilia kwa mkono akikimbia. Niliwanyamazisha. Lakini mwingine akauliza kwa dhati, "Mwalimu, kwa nini wao wana maneno yote hayo, na sisi tunasema kubana tu?" Nikamjibu kwamba hajaitendea haki lugha aliyo nayo. Tunayo kubana na kukaza, kufinya na kusonga, wembamba na dhiki, kuzuia, kufunga, kutia kizuizini. Maneno tunayo tele. Kinachopungua mara nyingi ni moyo wa kulitumia lile linalostahili. Nilipougeukia ubao niliona maneno yale matano ya Kiingereza yamesimama safu moja kama mashahidi, na kila moja lilikuwa na la kusema juu ya mwaka mmoja wa ujana wangu.

Mwaka huo nilikuwa naishi katika nyumba ya mkalimani wa boma, mtu wa Pangani tuliyemwita Mzee Sefu. Wazee wa kwetu walinipeleka kwake nijifunze Kiswahili, ili siku moja wawe na sikio lao wenyewe mbele ya Wajerumani. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, katika mtaa mdogo wa Waswahili chini ya boma, na chumba nilicholala kilikuwa kati ya magunia ya mchele na kapu la samaki wakavu waliosafiri kutoka pwani kwa vichwa vya wapagazi. Mlangoni mwake kulikuwa na ukuta mwembamba wa fito uliopitisha kila neno lililosemwa barazani. Sisi Waarusha wa wakati ule hatukula samaki, na kila jioni, tulipoketi kwenye jamvi kuzunguka sinia, yule mzee aliniwekea kipande mbele yangu na kuwaambia wageni wake, "Mtazameni huyu, mtoto wa watu wa mikuki. Simba hamwogopi, anaogopa samaki aliyekufa tangu Pangani!" Watu walicheka, nami nilicheka, kisha alikiondoa kipande kile kwa mkono wake mwenyewe na kunimiminia maziwa. Nayaeleza haya makusudi, maana sitaki msomaji amfikirie kuwa mtu katili. Alikuwa na moyo laini, na kitu kimoja tu hakukiweza: kuutazama uso wa mtu aliyepewa habari mbaya. Jirani alipomwita amtazamie ng'ombe aliyekuwa amelala chini akikata roho, Mzee Sefu alimshika begani na kusema, "Anapumzika." Siku zile nilidhani hiyo ndiyo hekima ya pwani.

Kabla ya mavuno, amri ilitoka kwamba kila mji utoe mtu wa kutengeneza barabara ya Moshi. Mwanamume asipotokea, mkewe ataletwa bomani mpaka mume aje, lakini sehemu hiyo ya amri haikuwafikia wazee wa mlimani. Mume wa dada yangu, Lesikar, alikuwa ameshuka na ng'ombe kwenye nyika ya Terrat kutafuta majani, na amri haikumkuta. Askari wakamchukua Naishiye akiwa anapalilia. Siku hiyo hiyo baba mkwe wake, Mzee Kimirei, aliteremka kutoka mlimani na fimbo yake na joho lake la ngozi, akasimama mbele ya baraza la boma. Nami nilikuwa nyuma ya Mzee Sefu, kama nilivyokuwa kila siku, nikijifunza jinsi maneno yanavyovushwa. Bwana Mkubwa, yule Mjerumani aliyetawala boma, alisema Kiswahili chake kilichokatwakatwa kama kuni: "Mwanamke huyu nafunga. Mume anakuja, mwanamke anatoka. Mume haji, mwanamke anakaa." Hata mimi, mwanafunzi wa miezi michache, nililielewa kila neno. Mzee Sefu alipangusa uso. Akautazama uso wa yule mzee, akatabasamu, akasema kwa lugha yetu, "Bwana Mkubwa anamkaribisha mkwe wako. Atakaa hapa akiwa mgeni wake, mpaka Lesikar atakapopata nafasi ya kuja kusalimia." Nilimwona Mzee Kimirei akilegeza mkono uliokuwa umeikaza fimbo. Akashukuru. Akageuka, akapanda kwake.

Asiyetujua hataelewa kwa nini neno hilo moja lilikuwa kufuli. Kwetu mgeni hafuatwi. Ukienda kumdai mtu wako kabla mwenyeji hajamuaga, umesema mbele ya watu kwamba nyumba ile haina chakula, au kwamba mwenyeji ana nia mbaya. Na tusi hilo huweza kuwagombanisha watoto wa watoto. Linaloruhusiwa ni kumsaidia mwenyeji mzigo wake. Basi Mzee Kimirei, kwa uungwana wote wa ukoo wake, alituma vibuyu vya maziwa bomani, kisha akatuma kondoo dume aliyenona. Na Lesikar huko Terrat alipelekewa habari kwamba mkewe amealikwa, kwa hiyo asije mbio kama mume mwenye wivu. Alishe ng'ombe kwanza. Kondoo yule nilimwona akifika. Bwana Mkubwa aliuliza ni wa nini. Angeambiwa ni shukrani kwa mwenyeji, angeshangaa, na lote lingefichuka pale pale. Mzee Sefu alijibu, "Wanaomba subira, Bwana." Bwana Mkubwa akakasirika, akasema wakitaka subira ataionyesha, na tangu siku hiyo Naishiye hakuruhusiwa kufagia ua asubuhi kama mwanzo. Hivyo pande mbili zikawa zinangojeana, kila upande ukiona wa pili hauna haya, na katikati yao mtu mmoja mpole akizidi kutabasamu.

Mahali walipomweka dada yangu palikuwa ghala la majembe na sururu, limebanwa kati ya zizi la farasi na ukuta wa boma. Mlango wake ulikuwa mwembamba hata ilimlazimu mtu kuingia ubavu. Ndani, vyombo vya kazi vilijaa mpaka nusu, na nafasi iliyosalia haikutosha mtu mzima kunyoosha miguu. Alikaa amekunja magoti hadi kidevuni, mchana kutwa. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa taabu ya mgongo tu. Lakini Naishiye alikuwa mke wa watu, na wanawake wa kwetu siku zile walivaa waya wa chuma uliozungushwa kutoka kifundo cha mguu hadi karibu na goti, mzunguko juu ya mzunguko, umekazwa na mikono ya wanawake wakongwe siku ya harusi. Mtu anayetembea, anayelima, anayepanda mlima na mzigo, mguu wake huzoeana na waya. Mtu aliyekunjwa gizani huvimba, na waya hauvimbi.

Aliyeligundua jambo hilo alikuwa mwanamke aliyepewa kazi ya kuwapikia waliozuiwa. Alikuwa mke wa ombasha mmoja wa Kimanyema, yaani koplo wa askari wa boma, na mtaani kote hakuna aliyemwita kwa jina lingine: Mke wa Ombasha hivi, Mke wa Ombasha vile. Alikuwa mpana wa mabega na mkubwa wa sauti, na mikononi alikuwa na makovu ya moto wa jikoni. Nilikuwa nikipeleka kibuyu cha maziwa cha mji wetu aliponiita kutoka mlango wa ghala. "Wee kijana wa Sefu! Njoo utie kidole hapa." Akaushika mkono wangu na kukisukuma kidole changu kwenye ukingo wa waya, chini ya goti la kushoto la dada yangu. "Juzi cha kwangu kiliingia, na ni kinene. Chako?"

"Hakiingii, mama."

"Basi huyo ndiye mgeni wenu."

Ngozi juu ya waya ilikuwa imetuna na kung'aa, na chini yake vidole vya mguu vilikuwa vya rangi ambayo sijaisahau. Mke wa Ombasha alisema anaweza kuiba tupa katika karakana ya boma na kuukata waya ule kabla jua halijazama. Nikamweleza dada yangu kwa lugha yetu. Akatikisa kichwa. "Mwambie asante. Mwambie sitaki."

"Hataki? Ana wazimu?"

"Kwetu mwanamke huvuliwa waya mumewe akifa," nikasema. "Akivuliwa mume akiwa hai, ni kama amemlilia. Amemzika."

Mke wa Ombasha alipiga magoti mbele ya Naishiye na kuanza kumkanda mguu kwa mafuta ya kupikia, akisema na nafsi yake kwa hasira. "Wanaume mna bahati. Hata mkiwa hamjui lolote, huko mliko, kuna mtu anakataa kuwazika." Dada yangu aliniuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akacheka, kicheko kifupi kilichokatizwa na maumivu, na kwa mara ya kwanza akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: "Mbona hawaji?"

Siku iliyofuata Mzee Kimirei mwenyewe alikuja na maziwa hadi lango la boma. Nilimkimbilia, nikainamisha kichwa anishike utosini kama desturi, nikasema kwa haraka, "Baba, dada amefungwa. Amewekwa ghalani na mguu wake unakufa." Mzee Sefu alikuwa anakuja nyuma yangu, kanzu safi, koti, fimbo ya mpingo. Sikuwa nimetahiriwa bado, na ni lazima msomaji ajue maana ya jambo hilo: neno la layoni, kijana asiyetahiriwa, halina mahali pa kukaa penye wazee. Mzee Kimirei alimtazama mkalimani, kisha akanitazama mimi. "Sefu, huyu kijana anasema nini?"

"Amemkumbuka dada yake," Mzee Sefu akasema kwa upole, akiniweka mkono begani. "Damu ni damu. Naishiye ana uvimbe kidogo wa baridi. Anakandwa kila siku na mke wa askari."

"Layoni wewe," Mzee Kimirei akaniambia, na wale vijana waliombebea maziwa wakaanza kucheka, "dada yako anakula nyama ya Wazungu, na wewe unalia kwa sababu hujapewa mfupa?" Akaondoka. Mkono wa Mzee Sefu ulikuwa bado begani mwangu. Haukuwa mzito hata kidogo, lakini sikuweza kujitoa chini yake, na kama ningetakiwa leo kueleza neno 'bound' bila kutaja kamba, ningeueleza mkono ule.

Alasiri yake, nikiwa chumbani kati ya magunia, niliisikia sauti ya Mke wa Ombasha barazani.

"Shikamoo, Mzee Sefu."

"Marahaba, mama. Karibu. Nikutilie kahawa?"

"Kahawa nitaiweka wapi? Kooni nina mwanamke anayeoza ghalani."

"Mama, maneno gani hayo! Amevimba kidogo."

"Kidogo! Wewe siku ukifa utasema umesinzia kidogo. Wazee wake wanajua kwamba amefungwa?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani, polepole. "Nikiwaambia amefungwa, watashuka na mikuki," Mzee Sefu akasema hatimaye. "Bwana Mkubwa naye ana bunduki. Nimeishi na watu hawa miaka mingi, mama. Wananiamini."

"Ndiyo. Hapo ndipo pabaya. Wangekuwa hawakuamini, yule angekuwa kwake zamani."

Nimeipima hoja ya Mzee Sefu mara nyingi tangu nilipokuwa mtu mzima, na sitaki kuidharau. Yeye aliona mikuki na bunduki, na huenda hofu yake ilikuwa ya haki. Lakini mtu anayewaficha watu habari ili wasifanye ubaya amejipa kazi ya Mungu bila kuwa na macho ya Mungu; ameamua peke yake nani ataumia, na kwa kawaida humchagua yule asiyeweza kumfikia barazani.

Asubuhi ya pili Mke wa Ombasha alinikuta nikichota maji. Alikuwa na kapu tupu kichwani. "Wake wa askari huruhusiwa kupanda mlimani kununua ndizi," akasema. "Mimi sijui njia wala lugha ya huko. Vyote viwili unavyo wewe. Twende." Nikamwambia kwamba ombasha, mumewe, amekataza watu wake wasijiingize katika mambo ya ghala. "Najua, mimi ndiye niliyekatazwa. Atanichapa. Alishanichapa kwa ajili ya chumvi; acha safari hii anichape kwa ajili ya mguu wa mtu." Tukauvuka mto Naura, tukaikwea njia ya mashamba, yeye akihema na kuulaumu mlima kana kwamba uliwekwa pale makusudi, mimi nikigeuka kila mara kutazama kama kuna mtu anatufuata. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Mzee Kimirei ukweli na haukusaidia kitu. Sikuona nini kingebadilika nikiusema mara ya pili.

Mji wa Mzee Kimirei ulikuwa umezungushiwa uzio wa miiba, na wazee watatu walikuwa uani wakinoa visu na kuzungumza. Mgeni akiingia kwetu haulizwi haja yake. Hukalishwa, na mwenye mji humletea maziwa; akishakunywa, ndipo maneno huanza. Mke wa Ombasha alikalishwa kwenye kigoda. Mke mkubwa wa Mzee Kimirei akaleta kibuyu, akakifuta mdomo kwa majani, akamnyooshea kwa mikono miwili. Naye akakisukuma kando.

Visu vilikoma. Kuyakataa maziwa ya nyumba ni kusema kuna maiti ndani yake, au sumu. Mzee Kimirei alisimama. "Muulize mgeni huyu," akaniambia, na sasa sauti yake haikuwa ya kumwambia layoni, maana hakuwa na ulimi mwingine wa kuutumia, "tumemkosea nini."

Nikauliza. Mke wa Ombasha akanijibu akimtazama yeye. "Mwambie neno kwa neno, usiongeze asali. Siwezi kunywa maziwa ya nyumba ambayo mkwe wake amefungwa. Mwambie hakukaribishwa. Alikamatwa, akafungwa."

Nilitafsiri. Sikuongeza wala sikupunguza.

Mzee mmoja akasema kwamba Sefu amesema vingine. Mke wa Ombasha hakungoja tafsiri; jina la Sefu alilisikia. Aliinuka kwenye kigoda, akashuka chini vumbini, akayakunja magoti yake manene hadi kidevuni. Akaivua kanga ya kichwani, akaizungusha kwenye mguu wa kushoto chini ya goti, akaikaza kwa meno mpaka nyama ikatokeza juu na chini. Kisha akakaa hivyo. Mke mkubwa alijaribu kumwinua, akakataa. Jua lilikuwa kali, na jasho lilimtiririka, na unyayo wake ukaanza kubadilika rangi mbele ya macho yetu sote. "Mwambie," akasema baadaye, akisaga meno, "mimi nimekaa kitambo kidogo tu. Yeye yuko hivi tangu mlipoleta kondoo."

Mzee Kimirei alipiga goti mbele yake, mtu ambaye sikumwona akimpigia goti mtu yeyote, akaifungua ile kanga kwa mikono yake. Alimtuma kijana mwenye mbio kuliko wote kwenda Terrat.

Lesikar alifika boma kesho yake, vumbi la nyikani hadi kwenye nyusi, pamoja na baba yake na wenzi wa rika lake. Hawakushika mikuki; Mzee Kimirei aliwakataza, na hofu ya Mzee Sefu haikupata ushahidi wake. Bwana Mkubwa alitoka barazani, akawatazama kwa mshangao. "Muda huu wote mlikuwa wapi? Mimi nasema, watu hawa hawapendi mwanamke wao." Mzee Sefu akapangusa uso. Akawageukia wazee, akatabasamu, akaanza, "Bwana Mkubwa anafurahi kuwaona..."

"Nyamaza, Sefu," Mzee Kimirei akasema, bila hasira. Akanielekezea fimbo. "Wewe. Amesema nini?"

Nikasema alichosema. Ndivyo nilivyoanza kazi ya ukalimani, nikiwa bado layoni, na Mzee Sefu amesimama kando yangu, mikono yake haijui pa kukaa. Jioni ile kwenye jamvi hakuniwekea samaki wala hakunifanyia mzaha. Alisema tu, "Nilitaka kuwapunguzia uchungu." Leo ningemwambia kwamba uchungu haukupungua. Aliuhamisha wote kwa mtu mmoja.

Lesikar alihesabiwa miongoni mwa watu wa barabara, na Naishiye akatolewa ghalani kwa ubavu, kama alivyoingizwa. Hakuweza kusimama. Mke wa Ombasha alikuwa na tupa tayari chini ya kanga. Alimpa Lesikar, na Lesikar, mbele ya rika lake na mbele ya baba yake, akaukata waya wa mkewe kwa mkono wake mwenyewe, akisema kwa kila mzunguko uliodondoka, "Niko hai. Niko hai." Wenzake waliitikia. Nyama ilikuwa imefuata waya mahali pengi. Mguu ulipona, lakini haukunyooka tena, naye alitembea akichechemea hadi siku tuliyomlaza kati ya mibuni yake. Lesikar aliporudi kutoka barabarani, amekonda kama fito, hakumvalisha waya mwingine.

Haya yote niliwaambia watoto wake baada ya mazishi, watu walipokuwa wakila loshoro, ule uji wetu wa mahindi na maziwa mgando, uani na mwinjilisti akiwa bado yupo, ili naye asikie. Binti yake mkubwa aliweka bakuli chini. "Mjomba, mama hakutuambia. Alisema tu kwamba kuna mtu aliwahi kukataa maziwa kwa ajili yake." Kisha akauliza huyo mke wa ombasha aliitwa nani, maana lazima alikuwa na jina.

Alikuwa nalo. Siku ile, akiwa amebebwa na mumewe kuelekea langoni, Naishiye aliomba wasimame mbele ya nyumba za askari. Mke wa Ombasha alikuwa kizingitini. Shavu lake lilikuwa limevimba, kwa kuwa ombasha alikuwa amekwisha kupata habari za safari ya ndizi. Dada yangu akaniambia nimuulize mama yake alimwita nani siku alipozaliwa. Nikamuuliza. Yule mwanamke mwenye sauti kubwa aliitengeneza kanga yake, akatazama kando kama mtu aliyepewa kitu asichokitegemea. "Miaka mingi hakuna aliyeniuliza," akasema. Kisha akalitaja taratibu, ili nilivushe bila kulipunguza: Zaituni binti Feruzi.